Kuhusu ule wasifu wako

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Karatasi uliyonitumia, ule wasifu wa kuwapelekea waandaaji wa shoo, nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, maana uliniomba nisikufiche kitu. Basi sikufichi: sentensi yako ya kwanza inataja pedali mbili, kompyuta, aina ya maikrofoni na dakika ambazo mashine inaweza kuhifadhi. Nilidhani nimeletewa risiti. Wewe mwenyewe unaingia mstari wa nne, na sauti yako, ile inayowanyamazisha watu walio katikati ya maongezi, haipo kabisa.

Najua chanzo chake. Tukikutana sisi kwa sisi, watu wa lupu, tunaorekodi kipande cha sauti jukwaani kwa mashine ikirudie huku tukipanga vingine juu yake, stori huanzia kwenye vifaa: wewe una mashine ya RC-505 yenye njia tano za kurekodia, mimi bado nina kidude changu cha kitufe kimoja. Lakini atakayesoma wasifu si mmoja wetu. Ni mwandaaji mwenye barua pepe chungu nzima, na anachotaka kujua ni watu wake watasikia nini na wewe utahitaji nini jukwaani. Ukijiita "msanii wa lupu" hujamwambia kitu. Ni kama seremala ajitambulishe kuwa fundi msumeno. Mtunzi Terry Riley alikuwa akizungusha sauti kwa tepu tangu miaka ya 1960. Ed Sheeran alisimama uwanja wa Wembley, London, mwaka 2015 peke yake na gitaa na pedali. Zoë Keating, mpiga selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, hupanga selo juu ya selo yake mwenyewe hadi unahisi wamekaa wanne. Wapange hao watatu kwenye shoo moja kwa sababu tu wote hutumia lupu, uone kama watu hawatadai kiingilio chao.

Na hilo la "bendi ya mtu mmoja", tafadhali lifute. Msomaji anaona mtu mwenye ngoma mgongoni, kinanda cha mdomo shingoni na matoazi magotini. Ingawa afadhali hilo kuliko yaliyonikuta mimi. Mwandaaji mmoja alisoma maelezo yangu, akaona neno "kompyuta", akaandika DJ kwenye bango. Nilipofika nikakuta meza ndefu imefunikwa kitambaa cheusi, nyaya mbili zinaning'inia, maikrofoni hakuna. Fundi sauti akanyoosha mkono: "Lete flashi." Na gitaa liko mgongoni kwangu analiona! Nilikasirika siku mbili, halafu nikayasoma tena maelezo yangu na kukubali kwamba hata mimi ningemletea meza.

Wako waliojiuza kwa jina, sikatai. Mpiga gitaa Robert Fripp alipounganisha rekoda mbili za tepu, sauti ikitoka kwenye moja na kurudi kupitia ya pili baada ya sekunde kadhaa, mtindo huo uliitwa Frippertronics, na jina likabaki. Mwanamuziki Marc Rebillet anajulikana kama Loop Daddy, yaani Baba wa Lupu, na limemkaa kwa sababu watu huenda kumwona yeye na vituko vyake, mashine wataikuta hukohuko. Ila wewe umeandika "Malkia wa Lupu". Nani kakutawaza? Ngoja wengine wakuite hivyo, ndipo ulitie kwenye bango.

Halafu kuna ile sentensi, "kila sauti inazaliwa mbele ya macho yenu." Ni nzuri, na niliwahi kuitumia. Siku zile besi yangu ilikuwa imeshahifadhiwa ndani ya mashine tangu nyumbani. Baada ya shoo kijana mmoja akanijia kwa adabu zote: "Kaka, besi uliirekodi saa ngapi? Sikukuona." Nikababaika. Kutumia midundo ya kuandaa si kosa, wengi wanafanya, lakini usiandike "kila sauti". Kama ngoma zako zinatoka nyumbani, sema gitaa na sauti ndivyo vinavyojengwa pale pale. Watu wetu wana masikio.

Sasa klipu, ambayo naiona ina uzito kuliko wasifu wenyewe. Umeianzia dakika ya tatu, muziki umeshajaa, sauti sita zinaimba na mdomo wako mmoja unachezacheza. Asiyejua ataona mtu anaimba juu ya wimbo uliorekodiwa. Umekata kitu kile kile ambacho ungekiuza! Kumbuka mwimbaji KT Tunstall mwaka 2004, alipoitwa dakika za mwisho kwenye kipindi cha televisheni Uingereza kuziba pengo la msanii aliyejitoa. Watazamaji walimwona akiujenga wimbo kipande kwa kipande, mguu kwenye pedali, ndipo akaanza kuimba. Siku ile ndiyo iliyomfungulia njia.

Kwa hiyo anza na kimya. Tuone unavyogonga ubavu wa gitaa kwa kiganja, mara nne, na mguu unavyoshuka. Kamera ikae mahali panapoonyesha mguu, maana usipoonekana tunabaki kukuamini kwa mdomo tu. Ile sehemu uliyokanyaga kwa kuchelewa, mdundo ukachechemea, ukacheka na kuufuta, nayo iache. Najua umeitoa kwa aibu, lakini mashine haicheki, kwa hiyo hapo hakuna atakayeuliza kama ni rekodi. Usiniambie chema chajiuza. Chema kilichokatwa kichwa hakijiuzi.

Nimejaribu kukuandikia mwanzo mwingine, upinde utakavyo: "Huanza na pumzi moja na kugonga gitaa. Huimba, kisha hujiitikia mwenyewe, mpaka kiitikio kinakuwa cha watu wengi na jukwaani yuko peke yake." Chini yake weka mahitaji yako kwa mstari mmoja: maikrofoni mbili, umeme karibu na miguu, dakika ishirini za kufunga vyombo. Orodha ya pedali ipeleke mwisho kabisa, kwa ajili yetu sisi wagonjwa.

Nirushie klipu mpya kabla hujamtumia mtu mwingine. Na ukiikata tena pale mwanzo nitaona.

Wako,
yule yule wa kitufe kimoja