Salamu za Maulidi kutoka Amu: Itikadi na Imani

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wa Amu (Lamu) na Malindi na nyote mlio ughaibuni, assalamu alaikum. Mfungo Sita umeingia, ngozi za matari zinapashwa moto zikaze, nami nawatakia Maulidi yenye heri na afya. Niruhusuni nitumie salamu hizi kuzungumzia jambo ambalo msimu huu hunirudishia kila mwaka, yaani tofauti iliyopo baina ya itikadi na imani.

Itikadi ni yale ambayo mtu anayakubali kuwa kweli: kwamba Mungu ni mmoja, kwamba kiyama kipo. Imani huanza pale anapoikabidhi nafsi yake kwa huyo aliyemkubali, na moja inaweza kukaa bila ya nyingine. Qurani inatueleza kwamba Iblisi alimwita Mungu Mola wake, akaomba apewe muhula hadi siku ya kufufuliwa. Hakumkana Muumba wala hakuukana ufufuo, na lau angetahiniwa katika itikadi angefaulu vizuri. Alichokataa ni kutii. Vilevile, katika Suratul Hujurat, mabedui waliodai kuwa wameamini waliambiwa waseme wamesilimu tu, kwa kuwa imani ilikuwa bado haijaingia nyoyoni mwao.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotusumbua zaidi siku hizi, nalo ni kuifanya imani kuwa kibali cha kutouliza. Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza, W. K. Clifford, alitoa mfano ambao mtu wa Amu hahitaji kufafanuliwa. Mwenye merikebu anajua kuwa chombo chake kimechakaa, lakini badala ya kukikagua anajituliza kwamba kimeshasafiri salama mara nyingi na kwamba Mungu atawahifadhi abiria; chombo kinazama, naye anachukua fedha za bima. Clifford alisema kwamba mtu huyo angekuwa na hatia hata kama merikebu ingefika salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kusadiki alivyosadiki.

Hapo nakubaliana naye kabisa. Alipopindukia ni pale aliposema kwamba ni kosa, daima na kwa kila mtu, kusadiki lolote lisilo na ushahidi wa kutosha, na Mmarekani William James alimjibu mwaka 1896 kwamba yapo mambo ambayo hayamngoji mtu amalize kupima. Tazameni fundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni anavyopigilia pamba ya kalafati, ya kuziba nafasi baina ya mbao za chombo, mshono baada ya mshono, akirudi kugonga pale anapopashuku. Hiyo ni kazi ya ushahidi, wala haifai kurukwa kwa kisingizio cha tawakali, kwani hata bedui aliyemuuliza Mtume kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Hata hivyo, kalafati haimdhaminii nahodha pepo za kesho. Akishatweka tanga, kilichobaki ni kutegemea.

Ndiyo maana, tunapozuru kaburi la Habib Swaleh, mwanazuoni aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha hapa Amu, mimi humfikiria zaidi kwa alichokihatarisha kuliko kwa elimu yake, ingawa alikuwa nayo. Wanazuoni wa Amu aliowakuta alipokuja kutoka Ngazija walisali sala ileile na kukiri shahada ileile, lakini yeye alikaa chini na masikini na watumwa akawasomesha, jambo ambalo wakubwa wengi wa mji hawakulipenda. Hakuwa na hakika yoyote kwamba kazi hiyo ingedumu hadi vijana wa leo wasimame Riyadha wakipiga matari.

Basi, wageni wetu mnaovuka kwa boti kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, wiki hii, vaeni majaketi ya kuokolea, msione haya kumuuliza nahodha hali ya mashine, kisha someni dua ya safari. Mkishuka gatini, mtoto yeyote atawaonyesha njia ya msikitini. Maulidi mema.