Risala ya wanakikoba wa mtaa wa mlimani kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuvunja kikoba, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na Mtendaji wetu,
Viongozi wa dini, mabalozi, wageni waalikwa,
Wanakikoba wenzetu, mabibi na mabwana,

Mwagonile!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo salama. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wa watu wa mlimani. Tumeona gari lako limebaki kule chini kwenye kona na umepanda kwa miguu. Pole sana. Kuna ukurasa mzima wa risala hii ulikuwa unahusu barabara. Tumeufupisha, kwa kuwa viatu vyako vimeshausoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana kilianzishwa na akina mama wauza ndizi, viazi na mboga wanaoteremka alfajiri kwenda masoko ya Mwanjelwa na Sokomatola. Walikuwa wamechoshwa na mikopo ya kausha damu, ile unayokopa leo na kesho yake asubuhi mtu yupo mlangoni anadai rejesho. Wakaanza kuwekeana wenyewe. Leo tunao pia mafundi uashi, vijana wa bajaji, fundi cherehani na walimu wastaafu. Tunakutana kila Jumapili saa tisa alasiri. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu wasio ndugu. Hisa inagongwa muhuri kwenye kijitabu mbele ya wote, mkopo unaombwa mbele ya wote, na anayechelewa kikao analipa faini mbele ya wote. Mwenyekiti wetu ameshailipa, na tulipiga makofi.

Tumesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Wapo pia wenzetu waliopata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule unaogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, na kwa mama wa genge hilo ni jambo kubwa. Uliposimamishwa mwaka 2023 baadhi yetu walirudi kwa kausha damu kwa kujificha. Tulifurahi uliporejeshwa mwaka 2024, na ombi letu ni kwamba usisimame tena.

Hayo ndiyo mafanikio, na leo baada ya risala utashuhudia kila mwanachama akipokea chake. Lakini itakuwa unafiki kukupandisha mlima huu uje kuona sanduku tu.

Mheshimiwa, tuanze na maji. Tunajua tunaishi juu na maji hayapendi kupanda. Tunajua jiji limekua kuliko vyanzo vyake, na tunafuatilia kwa matumaini mradi mkubwa wa kuleta maji ya Mto Kiwira. Kwa hiyo mgao wenyewe hatuupingi. Kinachotumaliza ni kutojua zamu yetu ni lini. Tuombe radhi kwa kukueleza mambo ya chumbani, ila akina mama wa mtaa huu wanalala bomba likiwa wazi, na chini yake wameweka beseni la bati, ili maji yakianza kudondoka kelele imwamshe mwenye nyumba. Usiku wa Julai, kwa baridi ya Mbeya unayoijua, unasikia bomba linakoroma. Unaamka, unajifunga khanga juu ya sweta, unawasha tochi ya simu. Inatoka hewa kwanza, na mita inazunguka, maana yake tunalipia upepo. Halafu yanatoka maji mekundu ya kumwaga, ndipo yanakuja ya kukinga. Ndoo, madiaba, pipa, sufuria, hadi birika la chai. Watoto wanaamshwa kusaidia kubeba, na asubuhi mwalimu anashangaa kwa nini nusu ya darasa inasinzia.

Na kuna usiku beseni halilii kabisa. Mama wa ndizi anatakiwa awe kituoni saa kumi na moja ili awahi mzigo unaotoka Tukuyu. Afanyeje? Asubiri maji akose mzigo, au awahi mzigo anunue maji ya mkokoteni kwa bei ya mwenye mkokoteni? Wengi wetu tumefanya yote mawili kwa zamu, na hesabu yake haijawahi kukaa sawa.

Ajabu ni kwamba ujumbe wa ankara ya maji unatufikia kwenye simu bila kukosea tarehe. Hata ambaye hajui kusoma, mjukuu wake anamsomea. Tunaomba simu hizo hizo, namba hizo hizo, zitumike kutuambia: mtaa wenu ni Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Maji yakishindikana siku hiyo, tuambiwe pia. Kwenye kikoba mtu akipatwa na udhuru anatoa taarifa na hatozwi faini. Sisi tuko tayari kutoa msamaha huo huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, habari ya taka nayo inafanana na hiyo. Ada ya taka tunalipa, na risiti tunazo. Gari linapita barabara ya chini, linapiga honi, na kabla mama hajafunga kiroba chake na kuteremka limeshaondoka. Wiki nyingine linakuja Jumatano, nyingine halionekani. Kiroba kikikaa mlangoni, mbwa wanakifumua. Basi kuna watu, na humu kwenye turubai wapo, wanaoshuka usiku kutupa korongoni. Hatuwatetei. Serikali ya mtaa imewatoza faini na ilikuwa haki. Ila mvua za Desemba zikianza, uchafu wote wa korongo unashuka kuziba mtaro wa wenzetu wa chini, na maji yanaingia vyumbani mwao. Mwaka huu wanakikoba tulijitolea kuzibua mtaro huo kwa majembe yetu. Tulitoa nepi za watoto, makopo, magunia na godoro zima. Gari likiwa na siku yake na saa yake, hata bibi mwenye magoti mabovu atateremka mapema akalisubiri.

Kuhusu barabara tuseme kidogo tu. Barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, na tunaipongeza Serikali, kwani foleni ya malori ya Tunduma ilikuwa inatula siku nzima. Lakini mtu wa huku akishashuka kwenye njia nne bado ana mlima. Kiangazi bajaji inafika hadi hapa penye turubai. Masika inaishia kwenye kona ulipoacha gari, na kutoka hapo gunia la viazi linapanda kichwani au kwa bodaboda anayejua hali yako na kupanga bei yake. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa mvua, vijana wanamshusha kwa machela ya blanketi hadi kwenye kona, ndipo apatikane wa kumfikisha hospitali ya wazazi Meta. Hatuombi lami. Tunaomba kifusi na mtaro wa mawe kwenye kona ile moja, kabla ya mvua kubwa. Mawe tutasomba wenyewe, na mafundi uashi tunao ndani ya kikundi.

Zahanati tunayo karibu na wahudumu wake wanajitahidi, tunawashukuru. Wengi wetu tulijiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kinachotukatisha tamaa ni kufika na kadi mkononi ukaambiwa dawa imeisha, kanunue duka la dawa. Ikiwezekana orodha ya dawa zilizopo na zilizokwisha ibandikwe mlangoni, ili mtu wa mlimani ajue kabla hajapanga foleni. Vivyo hivyo kwa siku za chanjo, na vivyo hivyo kwa umeme unapokatwa kwa matengenezo. Mwenye mashine ya kusaga akijua tangu jana, atawaambia wateja wake, na hakuna atakayebeba debe la mahindi bure.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukiondoa kifusi cha kona, maombi yetu karibu yote hayahitaji bajeti kubwa. Tunaomba ratiba.

Kurahisisha kazi, fundi seremala wetu ametengeneza ubao, upo pale ukutani mwa ofisi ya mtaa. Una safu nne: maji, taka, zahanati na umeme. Mtendaji ameahidi kuujaza kila Jumatatu endapo ataletewa taarifa. Tunakuomba utusemee kwa wahusika wa kila safu, na kila mmoja atupatie jina la ofisa mmoja na namba moja ya simu inayopokelewa.

Mwisho, tumekuandalia zawadi ndogo: mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi. Vijana wa bajaji watakushushia hadi kwenye gari. Baada ya hapo tunakuomba ufungue kufuli ya tatu ya sanduku ili ugawaji wa hisa uanze, kisha tuelekee kwenye chakula. Tafadhali nawa mikono, maji ya leo yapo.

Ndaga fijo, asanteni sana, na tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na wanakikundi wote na kusomwa na Katibu.