Barua kwa Zuhura: namba mbili za presha ya mama

Tanga

Mpendwa Zuhura,

Mama mfikishie shikamoo yangu. Nimeona vipimo ulivyoniandikia, 158 kwa 76, na hayo maneno ya jirani kwamba namba ya chini ikiwa nzuri basi presha haipo. Mwambie sivyo. Kwa umri wa mama, namba ya juu ndiyo ya kutazamwa zaidi, na hata hilo pengo kati ya namba mbili lina habari yake.

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu, safari fupi isiyohitaji nguvu nyingi. Presha ya mshipa unaopeleka damu mapafuni ni kama 25 kwa 10 tu. Ya kushoto hupokea damu yenye oksijeni kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, ndiyo maana ukuta wake ni mnene karibu mara tatu. Kila pigo hutoa takriban mililita 70. Zidisha kwa mapigo 70 ya dakika moja, unapata karibu lita 5, kiasi kinacholingana na damu yote ya mtu mzima.

Upande wa kushoto unapobana, damu huingia kwa kishindo kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, nayo hutanuka. Hapo ndipo presha hufika kileleni: namba ya juu. Kisha vali, mlango wa kutokea damu moyoni, hufunga, moyo unalegea, na ukuta wa aota unarudi na kuendelea kuisukuma damu mbele. Kwa hiyo presha haianguki hadi sifuri. Inashuka polepole mpaka pigo linalofuata, na pale chini kabisa ndiyo namba ya pili.

Sasa ona linalotokea uzeeni. Aota inakakamaa. Haitanuki vizuri, kwa hiyo namba ya juu inapanda. Hairudi vizuri, kwa hiyo ya chini inabaki palepale au inashuka. 76 ya mama haimaanishi kwamba mishipa ni mizima. Pengo la 82 linaonyesha kuwa imekuwa migumu, na hiyo 158 ndiyo inayoumiza ubongo, figo na moyo wenyewe.

Lakini usimwongezee vidonge kwa kukisia. Moyo hulishwa na mishipa yake yenyewe, inayochipuka kwenye shina la aota, na upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati umelegea, maana ukibana huiminya mishipa hiyo. Presha ya chini ikishushwa mno, chakula cha moyo kinapungua. Daktari anapopandisha dozi kidogo kidogo hacheleweshi kazi.

Kuhusu miguu kuvimba tangu aanze amlodipini: dawa hiyo ya presha hulegeza misuli ya ateri ndogo (mishipa inayotoa damu moyoni), zile ambazo upenyo wake ukipungua kwa nusu, ukinzani wa damu hupanda mara 16. Ateri zikifunguka na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zisifunguke vivyo hivyo, presha ndani ya kapilari, vimishipa vyembamba vilivyo kati yao, huongezeka na maji huvuja kwenye vifundo. Mara nyingi ni hilo tu. Hata hivyo amweleze daktari, kwa sababu moyo au figo zikichoka nazo huvimbisha miguu, na dawa isiachwe ghafla.

Vipimo vyenyewe nina wasiwasi navyo, kwa kuwa umesema unampima akiwa kitandani, mkono ukining'inia. Kila sentimita 10 mkono unavyokuwa chini ya moyo, mashine huongeza kama 8. Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Awe amekojoa, na nusu saa nzima bila kahawa wala tumbaku. Atulie dakika 5 bila mazungumzo (wewe pia, Zuhura). Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa gauni, vidole viwili juu ya kiwiko. Mkono wa mama ni mnene. Mkanda mdogo hutoa namba kubwa kuliko ukweli, kwa hiyo tafuta saizi kubwa.

Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Futa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, kuanzia 135 kwa 85 ni presha ya juu. Namba moja tu ikifika, inatosha.

Kile kizunguzungu cha alfajiri nacho kipime. Mtu akisimama, karibu nusu lita ya damu huteremkia kwenye vena za miguu, na kwa wazee mwili huchelewa kuirudisha. Mpime amekaa, halafu baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, iandike na umwonyeshe daktari.

Ikifika 180 kwa 120 na mama hana dalili yoyote, apumzike, rudia baada ya dakika 5. Ikibaki hivyo, mwone daktari siku hiyohiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au pumzi kubana, usirudie kupima wala usingoje asubuhi. Hospitali.

Nitumie orodha ya siku 7 kabla hamjaenda kliniki.

Wako,
Rehema