Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaofundisha futiboli katika vyuo vidogo vya Marekani

Wanangu,

Nawaandikia ninyi watoto wa Waswahili wa Columbus, Minneapolis, Dallas na kwingineko, mliocheza futiboli ya Kimarekani shuleni na chuoni, ligi ya kulipwa ikawapita, na sasa mmeshika filimbi. Hamko wengi, ila mnaongezeka. Wengi wenu mko Divisheni ya Tatu, ngazi ya chini ya NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo, au NAIA, chama kingine cha vyuo vidogo, kwenye vyuo vya wanafunzi elfu moja, elfu na mia tano, katika miji ambayo hata wenyeji wa jimbo lenyewe huulizana iko upande gani. Mimi helmeti sijapata kuivaa. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo cha aina hiyo hapa Ohio, korido moja na makocha, na karatasi za vijana mliowaleta zilipita mezani kwangu. Sasa nimestaafu, kwa hiyo hakuna wa kunizuia kusema.

Kilichoniudhi ni hiki. Baba mmoja Mkongomani alinijia nyumbani na bahasha. Ni mtu wa Uvira, aliyekaa na familia yake kambini Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na siku hizi anapanga maboksi usiku kwenye ghala. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua za mkopo wa serikali kuu, ule wa Parent PLUS, ambao mdaiwa wake ni mzazi, si mwanafunzi. Yeye hakulijua hilo. Alidhani amesaini fomu ya kumruhusu mwanawe kucheza.

Aliyemletea habari ya chuo hakuwa Mzungu mwenye tai. Alikuwa mmoja wenu. Aliingia kwa shikamoo baba, shikamoo mama, akavua viatu mlangoni, akala ugali na sombe, akasali nao kabla ya kuaga. Akawaambia kijana amepata skolashipu ya futiboli. Divisheni ya Tatu haina skolashipu ya michezo! Kanuni za NCAA zinaikataza, na kocha haruhusiwi hata kutia mkono katika hesabu za msaada wa mwanafunzi. Alichopewa kijana ni punguzo la ada, ambalo vyuo binafsi vidogo humpa karibu kila anayekubaliwa: bei hutangazwa juu, kisha hukatwa, mara nyingi zaidi ya nusu, na kila aliyekatiwa hujiona mteule. Kilichobaki baada ya kukatwa ndicho baba alichokopa.

Agosti kijana alifika mazoezini akakuta wenzake zaidi ya mia moja. Mechi za ugenini hakupanda basi hata mara moja, maana basi lina viti vyake na wapo waliomtangulia. Msimu ukaisha Novemba. Januari kocha wetu akapata kazi kwenye chuo kingine, mbali, akaaga kwa ujumbe wa kikundi cha simu. Kijana alimaliza mwaka, akaacha masomo. Deni likabaki kwa baba.

"Tulimwamini sababu alituongelea Kiswahili," aliniambia.

Nimekereka mpaka leo. Wala msidhani namsema huyo mmoja tu, kwa sababu nimeona wa kabla yake na nitaona wa baada yake. Naielewa pia mashine iliyomtuma. Chuo kidogo kinaishi kwa ada. Hakina hazina kubwa ya wafadhili, wasichana siku hizi wanajiunga na vyuo kuliko wavulana, na watoto waliozaliwa Marekani walipungua kuanzia 2008, kwa hiyo wahitimu wa sekondari nao wanaanza kupungua. Rais wa chuo anatazama hesabu hizo, kisha anakumbuka kwamba timu ya futiboli peke yake huleta wavulana mia moja na ushee wanaolipa ada, chumba na chakula. Hapo kocha msaidizi hupewa idadi yake: wewe thelathini, wewe ishirini na tano. Nimeona kocha akishindwa karibu mechi zote kumi za msimu na asiguswe, kwa kuwa bweni limejaa. Nimeona pia aliyeshinda akiitwa ofisini kuulizwa wanafunzi wako wapi.

Basi fahamuni mmeajiriwa kwa nini. Wengine mmeajiriwa kwa kujua mpira. Wengine, samahani kwa ukweli, mmeajiriwa kwa sababu mwajiri wenu ameona kuna mitaa ya Columbus ambako anayebisha hodi kwa Kiswahili hufunguliwa mlango. Ile shikamoo hukuitengeneza wewe. Ulifunzwa na bibi yako, naye alifunzwa, na heshima iliyomo ni akiba ya watu wengi. Ukiitumia kumfanya mama asisome karatasi umekula cha wote, na Mswahili mwingine atakayebisha pale kesho, hata akiwa muuguzi au mwalimu, atapokewa kwa mashaka uliyoyapanda wewe.

Sisemi msiende kusajili. Nendeni, ndiyo kazi. Ila kabla hujainuka kwenye kochi la watu, sema kwa Kiswahili, mbele ya baba na mama wote wawili, ni nani atakayedaiwa, kiasi gani kwa mwaka na kiasi gani mpaka mtoto amalize. Kama mko Divisheni ya Tatu, waambie kuwa punguzo halihusiani na mpira, na hata kijana akivunjika goti au akichoka kucheza haliondoki kwa sababu hiyo. Hili ni jambo zuri, na nashangaa kwa nini mnalificha. Fungua simu uwaonyeshe tovuti ya Wizara ya Elimu iitwayo College Scorecard: wangapi humaliza masomo kwenye chuo chako, na hutoka na deni la kiasi gani. Halafu sema lile ambalo hamlisemi kamwe, kwamba wewe mwenyewe mkataba wako ni wa mwaka mmoja na huenda Januari usiwepo. Ukiona aibu kulisema, jiulize aibu hiyo imetoka wapi.

Najua mtanijibu kwamba sheria imebadilika. Kweli, kuanzia Julai 2026 mkopo mpya wa Parent PLUS una kikomo: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa kila mtoto. Kwa mtu wa ghala, dola 65,000 bado ni nyumba ambayo hataijenga. Na pale serikali inapokomea, wakopeshaji binafsi wameshavuta viti.

Nisiwaonee ninyi peke yenu. Wazazi wenzangu, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto akipata barua ya chuo tunakodi ukumbi, tunapika pilau, tunampiga picha akisaini na kofia ya chuo kichwani. Ile karatasi ya kusaini ya Divisheni ya Tatu ni ya sherehe tu, haimfungi mtu kwa lolote. Karatasi inayofunga ni ya mkopo, na hiyo husainiwa jikoni saa tano usiku bila shahidi. Mtu akifariki hapa tunachanga kwa siku mbili na maiti inasafiri. Kukaa watu watatu kusoma fomu ya mwenzetu, hilo hatuna nafasi! Viongozi wa makanisa na misikiti nao husimama kutangaza kuwa mtoto wa fulani amechukuliwa na chuo, takbiri au haleluya, na hakuna anayeuliza bei. Marekani inajua kumtoza mtu anayeona haya kuuliza bei.

Turudi kwenu. Kila nikisema hivi mnanitajia majina. Nick Sirianni alianzia kufundisha chuo cha Mount Union, mji wa Alliance, hapa hapa Ohio, na Februari 2025 akachukua Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, na Eagles ya Philadelphia. Kalen DeBoer alikuwa Sioux Falls, chuo cha NAIA, akashinda 67 na kupoteza 3, leo yuko Alabama, moja ya timu kubwa kabisa za vyuo. Lance Leipold alitokea Wisconsin-Whitewater, chuo cha Divisheni ya Tatu. Nawajua wote. Mnachokiruka ni katikati ya hadithi. Leipold alirudi kwenye chuo alichokichezea, akakaa misimu minane, akachukua mataji sita ya taifa kwa rekodi ya 109 kwa 6, na alipopandishwa kwenda Buffalo, chuo cha Divisheni ya Kwanza, alikuwa na miaka 50. DeBoer baada ya mataji matatu akakubali kushuka kuwa mratibu wa mashambulizi chini ya kocha mwingine. Ninyi mnakichukua chuo kidogo kama kituo cha basi, macho barabarani muda wote, na vijana mnaowafundisha wanaliona hilo.

Na kuna waliobaki, ambao hamwatajitaji. Larry Kehres aliiongoza Mount Union kuanzia 1986 hadi 2012, ushindi 332, mataji 11, mji ule ule. Eddie Robinson alianza Grambling, chuo cha Weusi cha Louisiana, mwaka 1941, zama ambazo vyuo vikubwa vya Kusini havikumtaka Mtu Mweusi hata kwa kuchezea sembuse kufundisha, akastaafu 1997 na ushindi 408. Hapa nisiwadanganye: mpaka leo, ukitoa vyuo vya kihistoria vya Weusi, makocha wakuu wa vyuo vidogo wengi wao ni Wazungu hata pale ambapo kikosi ni mchanganyiko. Mtaambiwa hamjakomaa wakati mwenzenu wa umri huo huo anapewa timu. Si haki, na si juu yenu kuinyamazia.

Lakini nimpendaye mimi ni John Gagliardi. Alianza kufundisha akiwa na miaka 16, baada ya kocha wa sekondari yake kuchukuliwa vitani mwaka 1943. Mwaka 1953 watawa wa Kibenediktini wa St. John's, Collegeville, Minnesota, walimwajiri, akakaa hadi 2012. Kwa maisha yake yote ya kufundisha vyuo, ushindi 489, hakuna kocha wa vyuo aliyemfikia. Mazoezini alikataza wachezaji kuangushana. Filimbi hiyo mnayojivunia kuivaa shingoni hakuitaka. Alikataza kuitwa kocha. Kila kijana alimwita John. Wengi walikwenda Collegeville kujifunza, wakidhani kuna siri kwenye michoro ya mbinu. Mtu anayeamka asubuhi akijua atakutana na baba wa mchezaji wake dukani, mwaka huu na mwaka wa kumi kutoka sasa, hawezi kumdanganya baba huyo. Mimi nadhani sehemu kubwa ya mambo yake ilianzia hapo.

Kubaki nako kuna hatari yake, maana vyuo vyenyewe vinakufa. Iowa Wesleyan, mji wa Mount Pleasant, ndipo makocha Hal Mumme na Mike Leach walipoanza kuupika ule mchezo wa pasi uitwao Air Raid kati ya 1989 na 1991. Leo nusu ya nchi inarusha mpira kwa namna yao, na chuo kimefungwa tangu 2023. Mwaka huo huo Finlandia ya Michigan ilifunga. MacMurray ya Illinois ilitangulia 2020, Birmingham-Southern ya Alabama ikafuata 2024. Vyote vilikuwa na timu, na timu zilikuwa na makocha wasaidizi wenye wake na watoto.

Kwa hiyo, mnapokwenda kwenye ule mkutano mkuu wa makocha wa kila Januari, mnaposimama kwenye ukumbi wa hoteli mkigawa karatasi za wasifu kwa kila anayepita na fulana ya chuo, ulizeni nanyi. Fomu 990, taarifa ya fedha ambayo chuo binafsi kisicho cha faida huipeleka serikalini kila mwaka, ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma: angalieni kama kimekula hasara miaka mitatu mfululizo. Wizara ya Elimu hukipa kila chuo binafsi alama ya afya ya fedha kutoka hasi 1.0 hadi 3.0, na kikiwa chini ya 1.5 kuna tatizo. Nimewaona makocha wanaoweza kukariri mbinu za ulinzi za wapinzani wote wa msimu, wasijue kwamba mwajiri wao anachelewesha makato ya pensheni.

Mengine nayataja tu. Shahada ya uzamili mnayosomeshwa bure kama msaidizi-mwanafunzi, imalizeni. Wengi huondoka wamebakiza kozi mbili. Chukueni cheti cha ualimu, maana shule za sekondari huajiri makocha wanaofundisha darasani, zinalipa vizuri kuliko mnavyodhani, na bima yake ni ya familia nzima. Msimwoe binti wa watu kabla hamjamweleza kuwa huenda mtahama mara nyingi. Msilale ofisini ili mkuu awaone. Pigeni simu kwa mama zenu hata Oktoba.

Na yeyote kati yenu aliyepewa mkataba mpya, akataka mtu wa kuusoma naye kabla ya kusaini, nyumbani kwangu ni wazi Jumamosi baada ya adhuhuri. Nitafuteni kupitia jumuiya. Njooni na karatasi yenyewe, si picha ya simu, kwa sababu macho yangu hayasomi tena vile viherufi, na kifungu cha kuachishwa kazi ndicho huandikwa kwa herufi ndogo kuliko vyote.

Mzee wenu,
Ohio