Kuhusu lile tunda la bei ghali

Jerusalem, wiki ya kuamkia Sikukuu ya Vibanda

Mpenzi Rukia,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na wote hapo Mombasa. Sisi huku hatujambo.

Umeniuliza kwa nini mume wangu atoe pesa zote zile kwa etrogi moja, lile tunda la jamii ya limau tunaloamriwa kulishika katika Sikukuu ya Vibanda, na kama hiyo si ria. Swali lako nimelipenda, maana umegusa jambo ninalolipenda kuliko yote katika dini yetu.

Etrogi yoyote isiyo na kasoro ya kuibatilisha inatimiza amri. Lakini laiti ungewaona watu sokoni sasa hivi! Mtu analishika tunda kwa ncha za vidole, kioo cha kukuzia jichoni, analigeuza polepole kwenye mwanga akitafuta kidoa cheusi pale juu linapochongoka. Analirudisha, anachukua jingine. Akiridhika, linaviringishwa kwa nyuzi laini kama mtoto mchanga.

Wanazuoni wetu wa kale waliyatoa haya katika wimbo wa Waisraeli walipovuka Bahari ya Shamu, Kutoka 15, penye neno walilolisoma kuwa "nitampamba" Mungu wangu. Rabi Ishmael aliuliza: binadamu atampambaje Muumba wake? Akajibu kwamba atajipamba yeye mwenyewe mbele Zake kwa amri Zake: kibanda kizuri cha sikukuu, kuti zuri la mtende la kushika pamoja na etrogi. Abba Shaul naye akasema tufanane na Mungu. Kama Yeye alivyo na huruma, nasi tuwe na huruma. Mimi nayashika yote mawili. Etrogi inayong'aa mkononi mwa mtu anayemfokea mkewe hainiambii kitu.

Pesa nazo zimewekewa mpaka. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya wanazuoni wetu, inasema nyongeza kwa ajili ya uzuri ifike hadi theluthi ya bei. Naipenda sana hiyo theluthi: mapenzi yamepata nafasi yake, na watoto bado watakula.

Sasa hiyo ria. Umewahi kuona picha za tefilini, vile vibweta vyeusi vya ngozi tunavyofunga mkononi na kichwani wakati wa sala? Ndani mna vifungu vinne vya Torati, vimeandikwa kwa mkono kwa wino mweusi. Ikikosekana herufi moja tu, kazi yote ni batili. Vikikamilika vinakunjwa, vinatiwa ndani, na kibweta kinashonwa kwa kano za mnyama. Mtu anaweza kuvivaa miaka na miaka asiuone ule mwandiko. Hata hivyo anahangaika kumtafuta mwandishi mwenye mkono mzuri, na anamlipa zaidi. Ria gani hiyo, Rukia, isiyo na mtazamaji?

Nina ombi. Kukipatikana mtu wa kuja huku, nitumie leso mbili za rangi kali, na majina yake usiniambie, nitayasoma mwenyewe. Tangu zama za Talmudi watu wamekuwa wakipamba vibanda kwa vitambaa vya rangi, makomamanga na vishada vya zabibu. Makomamanga ninayo. Zikichelewa nitazitunza mpaka mwakani.

Wako akupendaye,
Miriam