Mbona mnanitoa jeli yote? Sababu ndio hii

Wateja wetu hapa saluni ya kucha Kirumba, Mwanza, wengi wanalalamika, dada mbona unanibandua zote na kunikagua vidole, mi nataka refili tu, kujaziwa pale kucha ilipoota, niwahi harusi. Tunaelewa, hasa Jumamosi foleni ikiwa ndefu, ila jeli, ile rangi ngumu ya kucha, inaficha mambo.

Tunachokutana nacho sana ni ukijani. Unabandua kucha ya bandia unakuta doa la kijani chini yake, hao ni bakteria wanaopenda unyevu, kucha ikishaachia kidogo pembeni maji yanaingia ndo wanaota hapo. Hiyo hatubandiki tena hata utuongezee hela, ikae wazi ikauke kabisa, na kama inauma nenda ukaonwe. Kina mama wa soko la samaki Mwaloni mnaoshinda kwenye maji ya samaki nyie shida yenu ni ngozi ya pembeni kuvimba mpaka inatoa usaha, vaeni glavu za mpira, na jamani acheni kukatakata kile kingozi cha kwenye shina la kucha, ndo kinazuia wadudu kuingia.

Vidoa vyeupe sio kalsiamu, nani aliwadanganya? Mara nyingi ulijigonga tu, vinasogea mbele na kucha inavyokua, kama milimita 3 kwa mwezi, mwisho unavikata.

Ila kucha ikibonyea katikati kama kijiko mpaka tone la maji linatulia juu yake, hapo mara nyingi madini ya chuma yamepungua, na huku kwetu ziwani minyoo na kichocho vinamaliza watu damu taratibu, kwa hiyo kapime kwanza kabla hujakimbilia dawa ya kuongeza damu dukani.

Mstari mweusi kwenye kucha sisi weusi wengi tunao, hasa ukiwa kwenye vidole kadhaa, usiogope. Ukitokea mpya kwenye kidole kimoja, unapanuka, au weusi umemwagikia mpaka kwenye ngozi, huo hatuufuniki na rangi, tunakwambia nenda hospitali, Bugando au Sekou Toure, wakaangalie, inaweza kuwa saratani. Bob Marley aliyefariki 1981 yake ilianzia chini ya kucha ya kidole cha mguu.

Sisi sio madaktari lakini, tunaona tu na kukushtua.

Afu kama unaenda kufanyiwa upasuaji kutoa jeli kwetu ni bure, kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni kinaweza kusoma vibaya kwenye kucha yenye rangi, njoo siku moja kabla usisubiri asubuhi yenyewe.