Wanaosiriba nyumba za udongo walipwe kama mafundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linalonikera tangu mkutano wa kijiji chetu wa mwezi uliopita. Mimi ni mkazi wa Tarafa ya Idodi, Wilaya ya Iringa, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni mkulima, na kazi yangu nyingine ni kusiriba, yaani kupaka udongo kuta na sakafu za nyumba za udongo. Nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, naye alifundishwa na mama yake.

Kwenye mkutano ule kiongozi mmoja alitutaka tubomoe nyumba za udongo zilizobaki kando ya barabara. Alisema lami ya kutoka Iringa hadi Msembe ikikamilika, kilomita zote 104, watalii watapita wengi na hatutaki waone umaskini wetu. Wengi walipiga makofi. Mimi nilikaa kimya, lakini moyo ulikuwa unachemka, kwa sababu siku hizohizo nilikuwa nimetoka kibaruani kwenye kambi moja ya watalii ambako mgeni analipa kwa dola ili alale kwenye nyumba ya udongo. Mgeni tunayetaka kumficha nyumba zetu ametoka Ulaya au Marekani akiwa amekwisha kuiona picha ya nyumba ya namna hiyo, ameipenda, na ameilipia kabla hajapanda ndege.

Nisieleweke vibaya. Mtu akipata tofali za kuchoma na bati, ajenge, na Mungu ambariki. Nyumba ninayolala mimi ina bati. Hakuna anayepaswa kuambiwa abaki kwenye udongo ili wengine wapate pa kupiga picha. Ninachosema ni kwamba kujenga kwa udongo ni ufundi. Kama ufundi huo unauzwa kwa wageni, basi wenye nao watambuliwe na walipwe kama mafundi, na kinachouzwa kiwe cha kwetu kweli.

Maana kinachouzwa sasa hivi kwenye kambi nilizofanyia kazi si cha kwetu. Wanajenga vibanda vya duara kwa bloku za saruji, wanaviezeka nyasi, halafu wanatuita sisi akina mama tupake udongo kwa nje na kuchora mistari. Mgeni anaambiwa hiyo ndiyo nyumba ya asili ya Wahehe. Mhehe gani aliishi humo? Nyumba ya Mhehe ni tembe: ndefu, ya pembe nne, yenye paa bapa la udongo, imeuzunguka ua ambamo ng'ombe na mbuzi walilala salama. Wagogo nao wanajenga tembe, kwa kuwa nchi yao ni kavu kama huku kwetu bondeni. Wanyakyusa wa Rungwe, kwenye mvua nyingi na migomba, walijenga kwa mianzi na kuezeka nyasi, kwani paa la udongo kule lisingemaliza hata masika moja. Kila watu walisoma mvua yao na udongo wao kwanza, ndipo wakajenga.

Wageni wengi wakielekea Ruaha husimama Kalenga, kwenye makumbusho lilimo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wanasimuliwa ngome ya mawe iliyoangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Watu wa Mkwawa waliishi kwenye matembe. Mgeni aliyetoka kusikia habari hizo asubuhi, kisha jioni akalazwa kwenye kibanda cha duara na kuambiwa kuwa hivi ndivyo walivyoishi, amepotoshwa, na jina lililotumika kumpotosha ni la kwetu.

Wengi wa vijana wetu hawajui tembe linavyosimama, kwa hiyo nieleze kidogo. Ukuta wa tembe haubebi paa. Kinachobeba paa ni nguzo za panda, yaani zilizogawanyika juu kama manati, za miti migumu isiyoliwa na mchwa, zilizochimbiwa chini barabara. Juu ya panda zinalazwa boriti, juu ya boriti zinapangwa fito, zinatandazwa nyasi, halafu unapandishwa udongo mzito na kushindiliwa kwa mteremko mdogo ambao macho hayauoni ila maji yanaujua. Baba yangu aliweza kuzunguka porini siku nzima na kurudi na nguzo moja tu, na hakuona kuwa amepoteza siku. Paa likikamilika mtu anapanda juu yake kuanika mahindi, mboga na vipande vya maboga. Na mwezi wa Oktoba, joto la bonde la Ruaha linapozidi na nyumba ya bati inakuwa tanuri, ndani ya tembe unakaa vizuri mchana kutwa.

Ukuta ndio kazi yetu wanawake. Udongo ulio bora ni wa kichuguu. Unaupondaponda, unauchekecha kokoto zitoke, unaumwagia maji na kuukanda kwa miguu mpaka donge ukilifinya lisigande vidoleni wala lisimeguke. Unauacha ulale usiku mmoja. Udongo wa kwanza unarushwa kwa nguvu ili uingie katikati ya fito za ukuta na kushika, haupakwi polepole. Kisha unasubiri ukauke na upasuke, maana lazima upasuke, na zile nyufa ndizo zitakazoushika udongo wa pili. Huu wa pili ni mwororo, una samadi mbichi na majivu, na unapakwa kwa kiganja kilicholoweshwa, kutoka chini kwenda juu. Hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Ukiweka maji mengi unapasuka tena, ukiweka machache haushiki. Hakuna kipimo cha ndoo. Mkono wenyewe ndio unaokuambia. Mwisho zinakuja rangi, udongo mwekundu na ule mweupe, na mweusi wa mkaa uliosagwa.

Hapa nawaomba wenye kambi wanisikilize vizuri, kwa sababu linahusu afya ya wageni wao. Adui mkubwa wa nyumba ya udongo ni papasi, aina ya kupe. Anajificha kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, anatoka usiku kunyonya damu, kisha anarudi ufani kabla hakujakucha, na homa yake inakuja, inaondoka, inarudi tena. Wazee wetu waliumwa sana homa ya papasi. Kinga yake ya kwanza ilikuwa ni kusiriba: ukuta usiwe na ufa hata wa kuingiza ukucha, na sakafu ipigwe na kusiribwa kila inapoanza kuchimbika. Ndiyo maana bibi yangu alikuwa hakubali mtoto apewe sifa kwa ukuta wenye nyufa, hata kama maua aliyochora yanapendeza. Leo kambi inaita wasichana wowote waliopo karibu, wanapaka udongo kwa haraka, mchoro unapendeza kwenye picha, na baada ya miezi miwili ukuta umejaa nyufa. Juu ya bloku za saruji hiyo ni kasoro ya urembo tu. Siku kambi itakapojenga nyumba ya udongo kweli, itakuwa ni hatari.

Kuna mahali tuliambiwa tuchanganye saruji kwenye udongo wa mwisho ili tusiwe tunarudi kila mwaka. Tulimwambia msimamizi kwamba haitakaa. Udongo wa ndani unavuta unyevu na kuutoa, unatanuka na kusinyaa, na saruji haifuatani nao. Hakutaka kusikia. Masika yalipopita lile ganda lilikuwa linadondoka vipande vipana kama sahani, tukaitwa kukwangua ukuta mzima, kwa malipo yaleyale ya kibarua.

Na malipo yenyewe ndiyo haya. Kwenye kambi hiyohiyo fundi wa bloku alilipwa shilingi 25,000 kwa siku. Sisi tuliosiriba tulilipwa shilingi 7,000, chini hata ya saidia fundi aliyekuwa anakoroga zege. Nilipouliza niliambiwa, "Mama, nyinyi mnapaka tope tu." Hilo tope ndilo lililopo kwenye picha zao zote. Hakuna mgeni anayevuka bahari kuja kuangalia bloku.

Siku moja tukiwa tunamalizia upande wa nyuma, akaja mgeni mmoja, mama mtu mzima, akauweka mkono wake kwenye ukuta niliokuwa nimeumaliza jana yake. Alipitisha kiganja taratibu, akifuata alama za kiganja changu, kisha akamuuliza kijana aliyekuwa anamwongoza ni nani aliyeifanya kazi ile. Yule kijana ni mtoto wa hapa hapa kwetu, na Kiingereza chake ninakielewa kiasi. Alimjibu kuwa ni mila za watu wa zamani. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, udongo umenifika viwikoni. Nilimwita nikamwambia, "Mwanangu, mwambie aliyesiriba ni mimi." Akamwambia. Yule mama alinijia, akanipa mkono hivyo hivyo na udongo wangu, tukasalimiana, nikamfundisha kusema "kamwene". Aliuliza maswali mengi kuliko aliyouliza kwenye gari siku nzima, kama alivyoniambia kijana baadaye: kwa nini samadi, kwa nini majivu, nani alinifundisha, wajukuu zangu wanajua? Hilo la mwisho lilinichoma, maana wajukuu zangu hawajui, na wala siwalaumu. Nani ajifunze kazi ya shilingi 7,000 inayoitwa tope?

Sasa nakuja kwenye ninachokiomba. Vijiji vyetu vya Idodi na Pawaga vina jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, MBOMIPA, ambayo jina lake kamili ni Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Vijiji 21 vimo ndani yake. Naomba jumuiya hiyo, pamoja na Halmashauri yetu, ifikirie kujenga tembe moja la kweli la kulaza wageni, likiwa mali ya vijiji, likijengwa na wazee wanaojua nguzo na akina mama wanaojua udongo, huku vijana wakishika kazi pembeni yao. Moshi usiwe hoja. Jiko litajengwa uani na dirisha litakuwa kubwa kuliko la zamani. Choo kizuri kitakuwepo, vitanda vya kamba vilivyoinuka na vyandarua vitakuwepo. Baba yangu angekuwa na uwezo wa kuweka dirisha kubwa angeliweka, hilo halitafanya tembe liache kuwa tembe. Mgeni akila ugali na mlenda uani, akanunua kikapu cha milulu kwa aliyekisuka, fedha itabaki mikononi mwa watu anaowaona kwa macho.

Jambo jingine ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Serikali ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Waashi, maseremala na wapishi wanapimwa na kupewa vyeti bila kurudishwa darasani. Naiomba VETA hapa Iringa iangalie na ujenzi wa udongo. Waje watupime. Watupe ukuta na kichuguu, wakae nasi siku chache, kisha waje waangalie nyufa baada ya masika. Fundi wa udongo akiwa na cheti, msimamizi wa kambi hatakuwa na ujasiri wa kumwambia anapaka tope.

Na kwa wenye kambi, sisemi mvunje vibanda vyenu. Ila mwambieni mgeni ukweli, kwamba kibanda ni cha bloku na kimepakwa udongo na wanawake wa kijiji fulani. Hatakimbia. Mkitaka kumuuzia nyumba ya Wahehe, mjengeeni nyumba ya Wahehe.

Kiongozi wetu namrudia kwa heshima. Nguzo zilizomo kwenye matembe yale machache yaliyobaki ni za miti ambayo leo huwezi kuikata bila kibali, na hata ukipata kibali kuipata yenye panda nzuri ni kazi. Nyingine zilisimamishwa kabla hatujahamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, wenyewe wakarudi kuzing'oa na kuzijengea upya walikohamia. Mkibomoa kwa trekta zinakuwa kuni. Kama ni lazima nyumba iondoke, waiteni wazee wazitoe nguzo moja moja, zihifadhiwe ofisi ya kijiji hadi Halmashauri itakapojibu kuhusu hilo tembe la wageni.

Msimu wa wageni unaanza Juni, na kuanzia Mei kambi zitaanza kututafuta. Kikundi chetu cha akina mama tumekaa na kukubaliana: bei yetu mwaka huu ni ya fundi, tutachagua kichuguu wenyewe, udongo utalala usiku wake mmoja, na saruji hatuchanganyi. Kambi iliyo tayari kwa hayo itutumie salamu kupitia ofisi ya kijiji.

Ni mimi,
Mama msiribaji,
Tarafa ya Idodi, Iringa